Naomba ushauri: maji ya bwawa la kuogelea yanakuwa kama tui

Habari zenu wakuu. Natunza bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni hapa Mikindani, Mtwara, la lita 60,000. Maji tunavuta kisimani, na ardhi yetu hii ni mawe ya matumbawe, kwa hiyo chokaa imejaa. Hata birika la chai linafanya ukoko mweupe.

Kila nikitia klorini ya unga jioni, asubuhi nakuta maji kama tui la nazi. Ukipitisha kidole kwenye vigae vya ukingoni unasikia msasa mtupu. Juzi mtoto wa mgeni alitoka macho mekundu. Mama yake hakusema neno, akamfunga taulo wakaondoka. Iliniuma sana.

Nimepima: pH (kipimo cha asidi ya maji) 8.2, klorini 3 na alkalini (kile kinachozuia pH isibadilike haraka) 180, hizo mbili kwa miligramu kwa lita. Najua pH inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, na ikizidi hapo klorini ipo lakini nguvu yake inapungua sana. Alkalini wengi wanataka 80 hadi 120. Chokaa yenyewe sina cha kuipimia.

Nianze na asidi kidogo kidogo pampu ikizunguka, au nipunguze maji kwanza nijazie ya mvua? Tena klorini hii ya unga nayo ina kalsiamu, naona kama naongeza chokaa juu ya chokaa. Nikihamia ya maji, kwa joto letu hili itakaa stoo muda gani kabla haijapoteza makali? Aliyepitia haya Mtwara au Lindi anisaidie, wageni wanaingia Ijumaa.