Nimemaliza chuo cha ufundi VETA ngazi ya pili, nataka kazi ya laini za umeme za nguzoni: nilipiwe ngazi ya tatu au niingie saiti kwanza?

Kijana wa Makambako
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 21, nimesoma umeme wa majumbani VETA mpaka ngazi ya pili. Wiring naiweza: kulaza bomba, kufunga saketi breka, kutafuta shoti. Ila roho yangu iko kwenye laini. Huku malori ya nguzo yanapita kutwa, na kuna mkandarasi anayepeleka umeme vitongojini, anachukua vibarua. Baba mdogo amesema atanilipia ngazi ya tatu mwezi wa kwanza. Mama hataki kusikia habari za nguzo, anasema nitamletea msiba. Nianze na lipi? Naomba waliopo kwenye hii kazi wanishauri, siyo wakatisha tamaa. Nawasilisha.

Bwana Shamba
Dogo, uko mkoa wa Njombe halafu unauliza habari za kupanda nguzo? Panda parachichi.

Fundi Stei
Mwanangu, huyo wa parachichi mwache, japo hajakosea sana.

Mimi nasimamia gengi la laini kanda ya kati. Tulianza na vijiji, sasa vijiji karibu vyote vimeshafikiwa na kazi imehamia vitongojini, kwa hiyo saiti zipo. Lakini elewa ulichosoma. Umeme wa majumbani unaanzia kwenye mita kuingia ndani. Cheti chako hakijakufundisha krosi-amu (ule mkono wa juu ya nguzo unaobeba waya), stei (waya unaoishikilia nguzo isilale), wala kukaza waya wa alumini kwa kipimo ili jua likiwaka usije ukalegea mpaka kwenye vichwa vya watu. Hayo utafundishwa na gengi. Sasa kazi yako ni kuchagua gengi.

Usiulize kwanza fomeni analipa kiasi gani. Angalia anavyofunga eathi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini.

Nenda kasimame pembeni siku wanayounganisha laini mpya na ya zamani. Fomeni anayejua kazi ana kibali mkononi, kimeandikwa laini ipi imezimwa na kutoka wapi mpaka wapi. Fyuzi za laini kubwa zinafunguliwa kwa fimbo ndefu, na ile mirija ya fyuzi haiachwi ikining'inia pale juu, inashushwa inawekwa kwenye gari, asije mpita njia mjuaji akairudisha. Halafu anapima kama moto haupo kweli. Halafu anafunga eathi pande zote mbili za sehemu ya kazi. Baada ya hapo ndipo mtu anapanda.

Wengi wanaruka hapo pa eathi. Watakwambia, "Moto umeshazimwa, eathi ya nini tena?" Ya jenereta, mwanangu. Mwenye baa akiona giza anawasha jenereta lake, hana chenji-ova (swichi ya kutenganisha jenereta na laini), umeme unatoka kwake unarudi kwenye laini ndogo hadi kwenye transfoma. Ile transfoma iliyokuwa inashusha volti 33,000 kuwa 400, sasa inafanya kinyume chake. Na wewe uko juu umeshika waya uliohakikishiwa kwamba umezimwa. Hata pasipo na jenereta, laini iliyozimwa ikienda sambamba na yenye moto, inapata umeme bila waya kugusana. Na huku kwenu mvua za radi unazijua: ikipiga kwenye waya mbali huko, inasafiri na waya mpaka ulipo. Eathi ikiwepo, sehemu kubwa ya umeme wa namna hiyo inapata njia ya kwenda ardhini badala ya kupita kwako.

Jambo la pili ni nguzo yenyewe. Ya mita 9 inazama ardhini mita 1.5. Ukiona gengi limekutana na mwamba, likaishia mita moja na kufukia haraka kabla msimamizi hajafika, chukua begi lako. Na nguzo ya zamani usiipande kabla ya kuigonga kwa nyundo na kuichimba kidogo pale chini. Mbao huozea usawa wa ardhi, mchwa nao huanzia huko huko. Juu unaiona nzima kabisa.

Sasa jibu lako. Ingia saiti sasa mpaka mwezi wa kwanza, lakini kama mtu wa chini: mashimo, kuvuta waya, kupandisha vikombe (vile vinavyoshika waya usiguse nguzo) kwa kamba. Kupanda kataa, hata wakikuita mwoga. Utasikia kama kazi imekuingia au la, na mwezi wa kwanza unaenda darasani ukijua unachotafuta. Baba mdogo asiitoe hiyo ada kwenye bajeti.

Dada wa Laini
Mzee Stei kamaliza upande wa saiti, mimi niongezee upande wa ajira. Mimi mwanamke na nipo laini, kwa hiyo mama asifikiri ni kazi ya wahuni. Mdogo wangu, gengini hawakuulizi cheti, lakini nafasi za kudumu za TANESCO, shirika la umeme, zinatangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na kule bila cheti hata ungekuwa unapanda kama nyani hakuna anayekuona. Ngazi ya tatu isome. Hakikisha jina la cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha VETA ni lile lile, herufi kwa herufi. Hapo wengi wamekwama. Leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, nayo iombe, ila ujue ile ya kufunga umeme kwenye majengo haikupi ruhusa ya kugusa laini ya mtu.

Kibarua uandikishwe. Ukiambiwa "jina lako lipo kichwani", ukiumia hutakuwepo popote.

Kijana wa Makambako
Asanteni sana, shikamoo mzee Stei. Kesho naenda kuangalia wanavyofunga eathi. Swali la mwisho: mkanda na vyuma vya kupandia nanunua mwenyewe au wanatoa?

Fundi Stei
Marahaba. Mwajiri ndiye anatoa, na kofia ngumu na glovu juu. Asiyetoa mkanda hana gengi, ana kundi la watu. Ukipewa, kagua mishono yote na ndoano kama inajifunga yenyewe. Uzi uliokatika hata kidogo, rudisha. Vile vyuma vya miguuni ni vya nguzo za miti tu, maana vinauma mbao. Kwenye nguzo ya zege ni ngazi iliyofungwa kwa kamba juu, au gari la kikapu. Ukienda kesho piga picha mkanda wanaoutumia, uiweke hapa tuuone.