Tupeane uzoefu: gemu ya zamani ikifunguliwa upya, unaipimaje kabla ya kuiamini?

Mwanzisha mada, Kampala

Habari za jioni, ndugu zangu. Kila baada ya muda inakuja habari kwamba gemu fulani ya zamani ya mtandaoni imefufuliwa: zile za kujenga mhusika kidogo kidogo, kufanya biashara sokoni na kuvamia ngome pamoja na chama chako. Seva mpya, wamiliki wapya, ahadi mpya. Kuna wanaokimbilia siku ya kwanza na kuna wasiotaka hata kusikia. Naomba tukusanye hapa yale tunayoyajua, ila tusilete simulizi za ulivyocheza tangu shuleni. Leta kipimo: unaangalia nini, unahesabuje, na mambo huharibika wapi. Hapa Uganda mhusika hulelewa kwa bando la kununua na umeme wa Yaka (wa kulipia kabla), hivyo anayeamini kimakosa anapoteza shilingi halisi.

Naanza. Kabla ya kupakua chochote, tafuta tangazo linalosema wahusika watafutwa lini. Majaribio, ufunguzi wa mapema na ufunguzi rasmi ni hatua tatu, na kila moja inahitaji jibu lake: je, mhusika atavuka kwenda hatua inayofuata? Je, vitu vilivyonunuliwa kwa pesa vitarudishwa baada ya kufuta? Tangazo lisilotaja tarehe lisome kana kwamba limesema watafutwa. Na msiangalie ukurasa wa mauzo peke yake. Soma masharti ya akaunti, sehemu ya kusitisha huduma, ndipo utaona unapewa siku ngapi za taarifa wakiamua kufunga.

Mwana-Arua

Mkuu, mada nzuri. Tofauti kati ya ufufuo wa kweli na wa rangi tu huonekana katika jinsi wanavyoitendea mali ya wachezaji wa zamani. Mfano bora ni Final Fantasy XIV. Ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu. Desemba mwaka huo huo mtayarishaji akabadilishwa, akaja Naoki Yoshida. Ada ya mwezi haikutozwa hadi mwanzoni mwa 2012. Seva zikazimwa Novemba 2012, na gemu ikarudi Agosti 2013 ikiwa imejengwa upya.

Sasa tazama walivyofanya kwa wale wa mwanzo. Wahusika wao walihamishwa, lakini fedha zao za ndani ya gemu ziligawanywa kwa kumi, na wakawekwa kwenye seva zao, mbali na seva za wageni. Waliokuwa wamelipa ada kwa siku 90 au zaidi wakapewa ada ya kudumu ya dola 9.99 kwa mwezi. Kila hatua ina sababu. Bila kupunguza fedha, bei za siku ya kwanza zingepangwa na matajiri wa zamani. Bila kutenga seva, mgeni angeingia sokoni asiweze kununua hata upanga. Bila zawadi ya ada, waliovumilia wangejiona wajinga.

Kwa hiyo mkisikia gemu inarudi, ulizeni maswali hayo matatu: fedha za zamani zinafanywaje, wageni na wakongwe wanakutana wapi, na wavumilivu wanapata nini. Asiye na majibu hajafikiria soko lake bado.

Dada wa Mbale

Naongeza kwa kifupi: kufunguliwa tena si dhamana ya kudumu. Asheron's Call 2 ilifungwa mwisho wa 2005, ikarudishwa Desemba 2012, ikafungwa tena 31 Januari 2017. Ukiona seva imewashwa lakini hakuna marekebisho wala maudhui mapya yanayoingia, icheze kwa raha ila usiweke pesa nyingi.

Mchumi wa Soko, Jinja

Mimi naamini soko la mnada kuliko tangazo lolote. Fanyeni hivi. Chagua bidhaa tano ambazo kila mchezaji hutumia: madini ya daraja la chini, mmea wa dawa, dawa ya uponyaji iliyotengenezwa, chakula, na mishale au kitu kingine kinachokwisha. Andika bei ya chini kabisa na idadi iliyowekwa sokoni, Jumatano na Jumamosi, saa ileile, kwa wiki nne. Daftari la kawaida linatosha.

Kisha soma hivi. Malighafi zikishuka kwa kasi huku vitu vilivyotengenezwa vikibaki palepale, kuna roboti, yaani programu zinazocheza zenyewe, wanaovuna usiku na mchana. Kila kitu kikipanda kwa pamoja, dhahabu inazaliwa kuliko inavyotumika: ama kazi zinalipa mno, ama kuna mwanya wa kunakili vitu, ama wauza dhahabu wameingia. Bei zikishuka na idadi ya bidhaa ikishuka pia, watu wanaondoka. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu roboti wanaweza kufukuzwa lakini wachezaji walioondoka huwezi kuwalazimisha warudi.

Angalia vilevile kama kampuni inauza kwa pesa halisi kitu kinachobadilishwa kuwa dhahabu. Old School RuneScape ina hati inayoitwa bond: mmoja anainunua kwa pesa, mwingine anainunua kwake kwa dhahabu na kupata siku 14 za uanachama. Kwa kijana wa hapa asiye na kadi, hiyo ni njia halali ya kulipia kwa muda wake, na mimi naiunga mkono. Lakini World of Warcraft ilipoingiza tokeni ya namna hiyo katika Wrath Classic, toleo linalorudisha gemu yake ya zamani, Mei 2023, wachezaji wengi walikasirika, maana walikuwa wamerudi kutafuta gemu ya kale isiyo na kitu hicho. Kinachovunja imani ni kuingiza baadaye kile ambacho watu waliamini hakitakuwepo.

Mwana-Arua

Hapo umegusa penyewe. Old School ilizaliwa Februari 2013 kutoka nakala ya hifadhi ya Agosti 2007, baada ya wachezaji kupiga kura kusema kama wanaitaka. Baadaye kila badiliko kubwa likawa linapigiwa kura na lilihitaji asilimia 75. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi 70. Ukitaka kujua kama wanasikiliza, usihesabu majibu yao matamu kwa wachezaji. Tafuta badiliko walilolitaka wenyewe, wachezaji wakalikataa, nao wakaliacha.

Mhesabu Vichwa, Gulu

Kuhusu idadi ya watu, wengi mnapima vibaya. Takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, hazihesabu wanaoingia kwa kizinduzi cha kampuni yenyewe, hivyo namba yake ni sehemu tu. Tena usilinganishe Jumapili na Jumanne. Linganisha Jumanne na Jumanne iliyopita. Kushuka baada ya wiki za kwanza ni kawaida kwa kila ufunguzi. Unachotafuta ni pale mstari unapotulia.

Halafu hesabu saa zako wewe. Saa mbili usiku ya Ujerumani ni saa tatu usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa nne wakati wa baridi yao. Hiyo tunaiweza. Saa mbili usiku ya New York ni saa tisa au saa kumi alfajiri kwetu. Seva ya Marekani yenye maelfu ya watu itakuwa tupu kwako ukitoka kazini.

Ndani ya WoW (World of Warcraft) Classic, amri ya `/who` haionyeshi zaidi ya majina 50, kwa hiyo gawa kwa levo: `/who 10-14`, `/who 15-19`, na kuendelea. Andika kila kundi. Kama levo ya juu imejaa na makundi ya 10 hadi 25 yana watu wawili watatu, wageni hawaingii tena, na wewe unayeanza utakosa wenzako wa kuingia nao mapangoni.

Fundi wa Mtandao, Wandegeya

Niruhusuni niwe mrefu, maana lawama nyingi wanazopewa wenye seva si zao.

Fungua `resmon` kwenye Windows, nenda sehemu ya mtandao, tafuta programu ya gemu chini ya miunganisho ya TCP. Utaona anwani ya seva, ucheleweshaji wake kwa milisekunde na asilimia ya pakiti (vipande vya data) zinazopotea. Chukua anwani hiyo, fungua dirisha la amri, andika `ping -n 200` kisha anwani. Usitazame wastani peke yake. Tazama tofauti kati ya namba ndogo na kubwa, na pakiti zilizopotea. Milisekunde 180 zilizotulia zinachezeka vizuri. 120 zinazorukaruka hadi 700 hazichezeki.

Kisha tumia `pathping` na anwani ileile. Inachukua sekunde 25 kwa kila kituo, kwa hiyo njia ya vituo 12 ni dakika tano za kusubiri. Kituo cha kwanza kikipoteza pakiti, tatizo ni Wi-Fi yako: vuta waya. Kituo cha katikati kikionyesha upotevu na vinavyofuata viko safi, kipuuze, kinachelewesha majibu ya vipimo tu. Upotevu unaoanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho ndio wa kweli.

Sisi hatuna bahari. Trafiki yetu nyingi inapita Kenya hadi nyaya za pwani. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, Afrika Mashariki yote iliumia. Siku kama hiyo usiandike kwamba gemu imekufa.

Aina ya gemu nayo ina uzito wake. Old School hupiga hatua moja kila sekunde 0.6, kwa hiyo pingi (huo ucheleweshaji) ya milisekunde 170 inaingia ndani ya hatua moja bila shida. WoW Classic ina mpangilio wa `SpellQueueWindow`, unaopokea pigo linalofuata kabla la sasa halijaisha, ambao kwa kawaida ni milisekunde 400. Miongozo ya wachezaji wa Ulaya hushauri kuushusha. Wewe wa Kampala uache ulivyo, maana ukiushusha chini ya pingi yako, kila pigo litachelewa na utadhani seva ni mbovu. Kuuona, andika `/dump GetCVar("SpellQueueWindow")`.

Mama wa Bajeti, Mbarara

Malipo sasa. Tumieni kadi ya mtandaoni inayojazwa kwa pesa za simu, mjaze kiasi cha mwezi mmoja na ziada kidogo ya ubadilishaji fedha. Ukishalipa, zima usasishaji wa ada papo hapo. Siku zako zilizolipiwa hazipotei. Mwezi unaofuata ulipie kwa kuamua upya.

Ukinunua Steam, unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza saa mbili. Foleni ya kuingia inaweza kuzila saa hizo mbili, kwa sababu gemu inahesabiwa kuwa imewashwa. Siku ya ufunguzi msinunue asubuhi na kuacha gemu imesimama kwenye foleni mkienda sokoni.

Na tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wengi wetu huacha VPN imewaka siku nzima. Izimeni kabla ya kulipa. Duka likiona kadi ya Uganda na kompyuta ya Uholanzi linaweza kukataa malipo, na Steam hairuhusu kabisa kuficha nchi unaponunua. VPN pia huongeza pingi.

Mwenye Kafe, Jinja

Upande wa kupakua: gemu kama Final Fantasy XIV inataka nafasi ya GB 140 kwa mahitaji yake rasmi. Msipakue kila mtu peke yake. Steam ina uhamishaji wa faili ndani ya mtandao wa karibu tangu 2023. Mashine moja ipakue usiku, nyingine ziingie akaunti zao kwenye ruta ileile, mashine zote ziruhusu uhamishaji katika mipangilio ya upakuaji, na faili zitatoka mashine ya jirani badala ya intaneti. Hakikisha ile ya kwanza imeshapata sasisho la mwisho, la sivyo nyingine zitarudi kuvuta kutoka nje. Panga pia saa za sasisho, kwa mfano saa saba usiku hadi kumi na moja, ili bando la mchana lisiliwe.

Kijana wa Fort Portal

Shikamooni wakubwa. Naulizia seva za watu binafsi zisizo za kampuni. Zinaaminika?

Mwana-Arua

Marahaba. Tofautisha yenye kibali na isiyo nacho. Nostalrius, seva ya watu binafsi ya World of Warcraft, ilikuwa na wachezaji hai wapatao 150,000, ikazimwa Aprili 2016 baada ya barua ya mawakili wa Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo. City of Heroes ilifungwa 2012, lakini seva ya mashabiki ya Homecoming ilipata kibali cha NCSoft, kampuni yenye gemu hiyo, Januari 2024, na huchapisha gharama zake na kufunga michango pindi lengo la mwezi linapofikiwa. Huo uwazi wa hesabu ndio uutafute. Na popote uendapo, tumia neno la siri ambalo hulitumii mahali pengine, pamoja na programu ya namba za uthibitisho kwenye simu badala ya ujumbe mfupi, maana laini ya simu inaweza kuhamishwa na mtu mwingine. Namba za akiba ziandike kwenye karatasi.

Kijana wa Fort Portal

Ahsante sana. Na ile hali ya kufa mara moja ndiyo basi, umeme ukikatika inakuwaje?

Fundi wa Mtandao, Wandegeya

Mhusika anabaki uwanjani kwa muda baada ya wewe kutoweka, na adui haachi kupiga. Usitegemee kufufuliwa. Machi 2025 Blizzard walisema watafufua waliouawa na mashambulizi dhidi ya seva zao. Umeme wa kwako haumo. Cheza kwa kompyuta mpakato yenye betri nzima, na upate UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta. Soma kibandiko cha ruta kwanza: kikisema ampea 1.5 nawe ukanunua UPS inayotoa 1, ruta itajiwasha upya palepale umeme unapokatika. Na kama una faiba, kumbuka kile kisanduku cha faiba ukutani nacho kinahitaji umeme. Wengi hulinda ruta wakakisahau.