Tupeane uzoefu: kufanyiwa upasuaji ukiwa unatumia ARV

Habari za jioni wapendwa. Niko Moshi, natumia dawa, na nimepangiwa upasuaji wa henia. Mtaani wanasema mwenye virusi vya UKIMWI kidonda chake hakifungi. Mliopitia, naomba mseme ukweli.

MamaSoweto: Pole ndugu yangu. Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi. Daktari alitaka kujua kwanza wingi wa virusi, CD4 (seli za kinga) na kiwango cha damu. Virusi chini ya 50, CD4 zaidi ya 500, ila damu ndogo, na hiyo ndiyo iliyomsumbua. Nikarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Hapo uwe makini: madini ya chuma huzuia dolutegraviri iliyomo kwenye TLD (kidonge cha ARV cha kila siku) isifyonzwe vizuri. Nesi wa CTC (kliniki ya ARV) alinielekeza nimeze TLD angalau masaa 2 kabla ya vidonge vya damu au masaa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula. Mama mkwe akawa analeta mtori wa nyama na maharage. Kidonda kilifunga sawa na cha wenzangu wodini.

Ngarenaro_Kijana: Yangu ilikuwa ngumu. Kidole tumbo kilinishika ghafla hapa Arusha, nikapimwa, ndipo nikajua nina maambukizi. CD4 chini ya 200. Wakanipasua hivyo hivyo, maana hali ile haingoji. Kidonda kikatunga usaha, kikawa kinasafishwa kila siku. Nikapewa antibiotiki, Septrini (ya kukinga magonjwa nyemelezi), na ARV. Kilichelewa sana, lakini kilifunga. Kinga ikiwa chini inaonekana kwenye kidonda, siwezi kukuficha. Wewe uko kwenye dawa tayari, hujaanzia nilikoanzia mimi.

Mleta mada: Asanteni sana, mmenipa nguvu. Asubuhi ya upasuaji nimeambiwa nisile. Na dozi je?

MamaSoweto: Mtu wa usingizi aliniruhusu kumeza na maji kidogo. Muulize wako mapema, usiamue mwenyewe kuiruka. Na mtajie kila unachotumia, hata mitishamba. Ukiona aibu mbele ya watu, omba mzungumze faragha, ni haki yako.

Ngarenaro_Kijana: Ukisharudi nyumbani, ukiona homa, usaha, harufu, au wekundu unaosambaa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kutoa nyuzi.