MREJESHO: Lile jengo letu ambalo jiji linataka kulinunua liwe maktaba

Wakuu, niliwauliza kama madiwani wakishaanza kujadili kununua jengo la familia yetu walifanye maktaba ya umma basi ndo limeenda. Bado sana. Kikao kile wamepitisha ruhusa tu ya tathmini na kuongea bei, kununua kwenyewe lazima kurudi barazani na fungu la bajeti lionekane. Aliyenishauri tutafute mthamini wetu asante mno, maana wa kwao alihesabu kiwanja na kuta akaruka wapangaji, sasa wathamini hao wawili wanabishana wao kwa wao kwa makaratasi sisi tumetulia.

Ila kilicholeta kigugumizi si bei, ni sakafu! Injinia kapanda ghorofani, kagongagonga zege, kaomba michoro ya nondo, akasema vitabu ni mzigo jamani, viwango vya Marekani vinataka sakafu ya rafu za maktaba ibebe kama kilo 730 kwa mita ya mraba wakati ofisi ni 245 hivi tu. Kwa hiyo rafu zikae chini, juu ofisi zao, au waimarishe jengo kwa hela zao. Utwaaji wa lazima (yaani jengo kuchukuliwa kisheria hata tukikataa kuuza) hakuna aliyeutaja mpaka sasa, na mzee kagoma kusaini chochote kabla ripoti ya injinia haijatoka.