Mwenyekiti wa tawi ni ami yake kijana aliyebakishwa kazini: nifuate njia gani kudai haki yangu?

Mja wa Pwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaomba ushauri, khasa kwa waliowahi kuwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi au waliowahi kupeleka lalamiko Kamisheni ya Kazi.

Nafanya kazi hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja, idara ya vyumba. Nilianza 2014. Tawi la chama tunalo, ada tunakatwa kila mwezi, na mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, upo. Kwa wasiojua kazi zetu: masika yakiingia Aprili wageni hupungua, hoteli nyengine hufunga kabisa. Sisi hatufungi, lakini watu wengi hupelekwa nyumbani bila mshahara mpaka msimu urudi. Nani abaki na nani aende, hapo ndipo pana vita. Siku zote tumekwenda kwa utaratibu kwamba aliyeajiriwa mwisho ndiye wa mwanzo kutoka.

Mwaka huu orodha ya wanaobaki ilibandikwa juu ya meza ya daftari la mahudhurio. Majina yote yamechapishwa, na mbele ya kila jina tarehe ya kuanza kazi. Chini kabisa kuna jina moja limeongezwa kwa kalamu ya buluu, na pahala pa tarehe pako patupu. Kijana huyo kaingia Disemba. Baba yake na mwenyekiti wa tawi letu ni ndugu wa tumbo moja. Na si kubaki tu, kapewa kukaimu usupavaiza, nafasi ambayo nilikuwa naikaimu mimi tangu supavaiza wetu alipoondoka. Mimi jina langu halimo.

Nilipouliza, meneja wa utumishi akanambia mimi si mkongwe. Eti utumishi wangu unahesabiwa kuanzia mkataba niliosaini hoteli ilipofunguliwa baada ya korona, kwa sababu ile ya nyuma ilikuwa ya msimu na ilikatika. Kwa hesabu hiyo hata dada mmoja aliyekuja miaka mingi nyuma yangu anakuwa mkubwa kwangu, maana yeye alisaini wiki chache kabla yangu. Sasa dada huyo kaninunia, anaona nataka nafasi yake.

Mwenyekiti kila nikimwendea ananiambia nisubiri. Nikimruka, sisi tunatoka kijiji kimoja, tunazikana na kuozana. Mama yangu keshaambiwa kisimani kwamba mwanawe anataka kumkatia mtoto wa watu riziki. Nimelia kwa neno hilo. Niko njia panda.

Baharia wa Malindi

Dada, tawi hilo limeshaoza, usipoteze muda nalo. Nenda Kamisheni ya Kazi kesho asubuhi, na ukitoka hapo pitia ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa. Kubebana ni rushwa.

Katibu Mstaafu

Baharia, hasira yako naielewa, lakini usimpeleke mtoto wa watu mbio. ZAECA watamuuliza ushahidi, na alichonacho ni udugu na jina lililoandikwa kwa kalamu. Na Kamisheni swali la kwanza litakuwa: umemwandikia mwajiri? Kajibu nini?

Mwanangu, nimekuwa katibu wa tawi miaka mingi, kesi hizi za masika nazijua. Kwanza fahamu kwamba ukongwe peke yake hauna meno. Meno yake yamo kwenye mkataba wa hali bora. Omba nakala, ni haki yako kuisoma, kisha tafuta kifungu kinachosema watu wanapunguzwa vipi na wanarudishwa vipi. Wakishaandika kwamba muda wa utumishi utazingatiwa, ugomvi wenu unabaki mmoja tu: muda huo unaanza kuhesabiwa wapi.

Hapo ndipo unahitaji karatasi. Nenda ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ukaombe taarifa ya michango yako tangu 2014. Itaonesha mapengo ya kila masika, usiogope. Itaonesha pia kwamba baada ya kila pengo aliyekulipia ni mwajiri yule yule. Mtu anayeitwa kazini msimu baada ya msimu, kitanda kile kile, si mgeni. Weka na slipu zako za mshahara na barua ya kukaimu kama ulipewa.

Halafu andika barua kwa meneja, nakala kwa katibu wa tawi. Usimtaje kijana. Usimtaje ami yake. Neno udugu lisiwemo kabisa, maana ukiliandika tu watakujibu kwamba una chuki na familia ya mtu, na suala la orodha litafia hapo. Uliza utaratibu uliotumika kupanga orodha, na kwa nini jina moja halina tarehe. Swali la tarehe halina familia, na lazima lijibiwe.

Na tahadhari moja. Ukitafuta mtandaoni utasoma habari za CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Hiyo ni ya Bara. Huku kwetu tunatumia Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Mgogoro ukishindikana kazini unakwenda kitengo cha usuluhishi kilichowekwa na sheria hiyo ya mahusiano, na baada yake Mahkama ya Kazi. Kila lalamiko lina muda wake, kwa hiyo barua iende wiki hii.

Mpemba wa Wete

Mimi nitasema lisilopendeza. Usupavaiza na orodha ya masika ni vitu viwili, dada umevifunga pamoja. Orodha una hoja nzito. Usupavaiza ukiudai kwa sababu umetangulia tu, utashindwa, na mimi ningekuwa meneja nisingekupa kwa sababu hiyo. Pengine kijana anajua kompyuta, anaongea Kitaliano na wageni, sijui. Dai nafasi itangazwe ndani na watu wafanyiwe usaili. Ulishaikaimu, una la kuonesha.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Mwanangu, pole. Maneno ya kisimani yanauma, lakini riziki inayozungumzwa ni yako pia na ya watoto wako.

Mimi nashughulishwa na huyo dada mliyenuniana. Mfuate kwake usiku mkae. Mwambie muda ukihesabiwa kuanzia siku ya mwanzo, wewe unarudi na yeye hatoki, kwa sababu nyote wawili mmemtangulia aliyeingia Disemba. Wanaofaidika na nyinyi kugombana ni wengine. Akikuelewa, barua iwe na saini mbili. Barua ya mtu mmoja huitwa wivu.

Mja wa Pwani

Ahsanteni sana. ZSSF nimekwenda, taarifa ninayo, jina la mwajiri halijabadilika hata mara moja. Dada tumeonana, tumelia wote, atasaini. Usupavaiza nimeuweka pembeni kwanza kama alivyosema ndugu yangu wa Wete.

Lakini mkataba wa hali bora unasema "muda wa utumishi utazingatiwa" na basi. Hausemi unahesabiwa vipi. Na anayetujadilia mkataba ni huyo huyo mwenyekiti.

Katibu Mstaafu

Hilo ndilo tundu walilopitia, na mkataba ukirudi mezani ndilo la kuzibwa: iandikwe wazi kwamba misimu yote kwa mwajiri mmoja inajumlishwa. Barua yenu ipeleke sasa, usingoje mkataba mpya.

Kuhusu mwenyekiti, soma katiba ya chama ujue wanachama wangapi wanaweza kuitisha mkutano wa tawi, kisha kusanyeni saini. Siku ya mkutano aombwe kwa heshima ampishe makamu kwenye ajenda hii tu, na muhtasari uandike kwamba ameombwa. Akikataa, muhtasari huo upelekeni kwa uongozi wa chama juu ya tawi. Hujamruka kwa siri, umefuata katiba aliyoapa kuilinda, na mama ataweza kulijibu hilo akiulizwa.

Rasimu ya barua ilete hapa, futa majina yote na jina la hoteli. Tutaisoma leo baada ya Isha.