Mkopo wa kurekebisha nyumba ya kupangisha isiungue: nani abebe deni?

DadaMkubwa wa Kamalondo aliuliza:

Jambo yenu wote. Naandika kutoka Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Naomba mawazo, hasa kwa wenye nyumba za kupangisha na wanaojua mambo ya mikopo.

Marehemu baba alituachia jengo la etaji mbili juu ya maduka. Familia saba zinapanga humo. Ngazi ni moja tu, inapita katikati. Chini ya ngazi wapangaji waliweka jenereta, na kando yake bido (madumu) za petroli, maana delestaji (mgao wa umeme) haina ratiba na kila mtu anataka walau taa watoto wasome. Madirisha yote yana vyuma vilivyojengewa ukutani. Baba aliviweka wakati wezi walikuwa wamezidi. Usiku mlango wa chini unafungwa kwa kadena (kufuli), na ufunguo anao mpangaji mmoja peke yake.

Mwezi uliopita umeme ulirudi usiku wa manane kwa nguvu, nyaya za korido ya etaji ya kwanza zikawaka. Bahati kulikuwa na mtu macho, akapiga kelele, wakazima kwa mchanga wa kujengea uliokuwa uani. Asubuhi nilikuta ukuta mweusi kuanzia kwenye boksi ya umeme mpaka juu ya mlango wa chumba cha mama mmoja anayeuza mboga soko la komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka, imedondokea kizingiti na kuganda. Rangi ya mlango ilikuwa imevimba; niliigusa ikabanduka mkononi. Nyuma tu ya mlango ule pana godoro la watoto wake wanne.

Tangu siku ile nawaza Johannesburg. Wengi wetu huku tuna ndugu kule. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo moja la Marshalltown liliungua, watu zaidi ya 70 wakafa, na jengo lenyewe lilikuwa mali ya manispaa. Kulikuwa na geti lililofungwa, watu wakaruka madirishani. Mimi nina geti la namna hiyo hiyo, na madirisha yangu hayaruhusu hata kuruka.

Fundi amenipa devi, yaani makadirio ya gharama: nyaya mpya jengo zima, madirisha yenye bawaba, na ngazi ya chuma ya kushukia nyuma. Hesabu yote inazidi kodi tunayokusanya kwa mwaka mzima. Benki niliyoendea inataka sertifika (hati) ya nyumba iwe kwa jina la anayekopa, na sertifika yetu bado ni ya jina la baba. Mdogo wangu anasema tupandishe kodi sasa hivi, au tudai garanti (dhamana) ya nyongeza kwa kila mpangaji. Mwingine anasema tuuze, tugawane.

Mimi nakataa kupandisha kodi kabla hata waya mmoja haujabadilishwa. Yule mama hawezi kunilipa ili nisimuulie watoto. Nyumba ni yetu, na kodi yake imetusomesha.

Binamu yetu aliye ng'ambo anasema kuna miji inayowakopesha wenye majengo ili watimize sheria za moto, na deni linalipwa kidogo kidogo. Maswali yangu ni haya: mikopo hiyo inakwendaje, na nani hasa anailipa? Mji wetu au jimbo wanaweza kufanya kitu cha namna hiyo? Na kwa pesa kidogo niliyo nayo sasa, nianzie wapi?

Fundi wa Katuba alijibu:

Pole sana mama. Nianzie swali la mwisho, maana hilo halingoji benki.

Jenereta itoke chini ya ngazi leo. Petroli pale ina maana moto ukianza, njia yenu pekee ndiyo inayoungua kwanza. Na hata bila moto, moshi wa jenereta una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na ngazi inaupeleka moja kwa moja vyumbani. Petroli isilale ndani ya nyumba kabisa.

Kadena nayo itoke. Weka kitasa ambacho aliye ndani anakizungusha kwa mkono bila ufunguo. Mwizi wa nje bado atashindwa.

Vyuma vya madirisha usiving'oe vyote, wapangaji wataogopa wezi, na wana haki. Kwa kila makao chagua dirisha moja, suderi (fundi wa kuchomelea) akate vile vyuma, aviwekee bawaba na komeo la ndani ambalo hata mtoto mkubwa analifungua. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo sana ukilinganisha na ngazi.

Sasa nyaya. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kabla ya kulipa roli lolote la waya, mwambie muuzaji akukatie kipande, ukwangue ncha yake kwa kisu. Chini ya ile rangi nyekundu ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapata moto haraka kuliko shaba yenyewe, inalegea kwenye skrubu, na pale inapolegea ndipo inapowaka. Roli za namna hiyo zimejaa hapa mjini kwetu, licha ya shaba yote hii tuliyo nayo, na inaniuma kila ninapoikuta ukutani mwa mtu.

Jengo la umri huo nadhani lina waya wa milimita za mraba 1.5 kila mahali. Huo ni wa taa. Soketi zinataka 2.5. Resho (jiko la umeme) ya sahani mbili inavuta kama wati 2000, yaani karibu ampea 9. Sasa fikiria familia tatu zinapika saa moja jioni kwenye waya mmoja wa taa. Kila familia ipate mstari wake na dizonkteri yake, ile inayokata umeme yenyewe mzigo ukizidi. Na fusibo zilizofungwa kipande cha waya au msumari zitolewe zote, kwa sababu hizo ndizo zinazouacha moto uendelee. Mpaka nyaya zibadilike, umeme ukikatika mzime dizonkteri kubwa, muiwashe dakika chache baada ya umeme kutulia.

Mtoto wa Likasi, Melbourne, alijibu:

Yaya, huku ninakoishi jambo hilo limeshafanyika, nami nakaa katika jengo ambalo kuta zake zilibanduliwa zote.

Novemba 2014 jengo liitwalo Lacrosse lilishika moto hapa Melbourne. Sigara ilianzisha moto kwenye balkoni, ukapanda ukutani kwa nje mpaka juu kabisa kwa dakika chache, kwa sababu kuta zilifunikwa paneli za aluminiamu zenye plastiki ndani. Hakufa mtu. Vinyunyizio vya maji vya darini vilisaidia sana. Ila baada ya hapo majengo mengi yalikutwa na paneli zile zile, na wenye nyumba hawakuwa na pesa.

Mwaka 2018 jimbo letu la huku, Victoria, likapitisha utaratibu huu: benki inatoa mkopo, mwenye jengo anarekebisha, na manispaa inakusanya marejesho pamoja na kodi ya jengo ya kila mwaka, kwa muda mrefu wa miaka 10 au zaidi. Deni linaandikwa kwenye jengo lenyewe. Ukiuza, mnunuzi anaendelea kulipa. Benki inakubali kwa sababu manispaa ndiyo inayokusanya. Huo ndio mfano ambao nadhani binamu yako aliusikia.

Lakini usiishie hapo. Watu walisema: mimi nilinunua nyumba iliyopitishwa na wakaguzi, kwa nini nikope kurekebisha kosa la aliyejenga? Mwaka 2019 jimbo hilo hilo likatenga dola milioni 600 za Australia kurekebisha majengo ya hatari zaidi bila kuwakopesha wenyewe. Uingereza nako, baada ya moto wa jengo la Grenfell wa Juni 2017 ulioua watu 72, serikali ilitangaza Februari 2021 mikopo kwa majengo ya urefu wa kati, mwenye nyumba asilipe zaidi ya pauni 50 kwa mwezi. Januari 2022 ikauacha mpango huo na kuwageukia waliojenga.

Kwenu hakuna wa kugeukiwa. Aliyejenga ni baba, na kodi mnapokea nyinyi. Kwa hiyo mkopo unaofuata nyumba ungewafaa kweli, ila unadai vitu viwili: nyumba iwe na hati iliyo wazi, na kodi ya jengo iwe inakusanywa kweli kila mwaka. Huko kwetu kodi ya ardhi na majengo na ile ya mapato ya kupangisha ni za jimbo, idara ya mapato ya jimbo, DRHKAT, ndiyo inayokusanya. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa jimbo kabla ya meya. Ningekuwa diwani wa jimbo ningependekeza kitu rahisi: mwenye nyumba akileta uthibitisho kwamba amebadilisha nyaya na kufungua njia ya pili, sehemu ya kodi anayolipa jimbo kwa mapato ya kupangisha irudi kulipa deni. Hata bila mfuko mkubwa, hilo lingewasukuma wengi.

Mpangaji, komini ya Kenya, alijibu:

Mimi nasema upande wetu sisi tunaopanga. Dada, asante kwa ulivyoandika kuhusu yule mama. Mwambie mdogo wako kwamba sheria ya Desemba 2015 ya nyumba za kukaa inasema garanti isizidi miezi 3. Hiyo nyongeza anayoitaka haipo.

Lakini msituone kama watu wa kusaidiwa tu. Tulipo sisi, wapangaji walilipa kodi mbele, mwenye paseli, yaani mwenye nyumba, akanunua nyaya, na kila mwezi kiasi fulani kikakatwa. Iliandikwa karatasi, kila mmoja akasaini, nakala ikabaki kwa shefu wa avenii (mkuu wa mtaa). Kodi haikupanda. Ila mwenye paseli alituonyesha risiti zote, na fundi tulimchagua pamoja. Bila hayo mawili nisingetoa hata faranka.

Mama wa AVEC, Bukavu, alijibu:

Huku kwetu Kadutu nyumba za mbao zimebanana mlimani, na njia ni za miguu. Moto ukianza, gari la kuzima haliwezi kufika hata likitaka. Ndiyo maana kikundi chetu cha akiba tulikubali mtu akope kwa ajili ya nyaya kama anavyokopa kwa biashara. Kwa kawaida AVEC, yaani kikundi cha akiba na mikopo kama chetu, inakupa mpaka mara tatu ya akiba yako, na mzunguko unafungwa kwa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo inatosha nyaya, vitasa na bawaba. Ngazi ya chuma usiiweke humo, deni lake ni refu kuliko mzunguko, na utawakosanisha wenzako siku ya kugawana.

Mlinzi wa usiku, New York, alijibu:

Naongeza moja tu: milango. Tarehe 9 Januari 2022, Bronx, hita ya umeme iliwasha moto katika etaji ya tatu ya jengo la etaji 19. Watu 17 walikufa, na kilichowaua ni moshi. Wenye chumba walitoka wakikimbia, mlango ukabaki wazi badala ya kujifunga wenyewe, moshi ukajaa ngazi nzima. Weka springi kwenye mlango wa kila makao. Na waambie wapangaji: ukikimbia, vuta mlango nyuma yako.

DadaMkubwa wa Kamalondo alijibu:

Nimesoma yote, nimemsomea pia mdogo wangu kwa sauti. Kuhusu garanti amenyamaza.

Jumapili tunakaa baraza la familia. Mimi ndiye mkubwa, na kwa Kode ya Familia mirathi inasimamiwa na mkubwa wa warithi, au yule waliyemchagua wenyewe. Nitaomba wanithibitishe kwa maandishi, tuanze kubadilisha sertifika, maana naona bila hiyo hata jimbo likileta mkopo kesho sisi tutabaki nje. Kuuza tumeacha kuzungumzia. Atakayenunua atawaacha watu saba na familia zao kwenye ngazi ile ile.

Wapangaji nimewaita jana. Vitasa, springi na madirisha nalipa mimi kwa kodi ya miezi hii. Nyaya tutafanya kama alivyoeleza ndugu wa Kenya, kwa karatasi na risiti, na yule mama wa mboga hatatoa kitu mbele. Sehemu yake naibeba. Ngazi ya nyuma itangoja sertifika.

Jenereta imeshatoka. Tumeijengea kibanda cha mabati uani, kimeegemea ukuta wa nyuma wa jengo, katikati. Kadena nimeichukua mimi mwenyewe.

Fundi wa Katuba alijibu:

Vizuri sana mama, ila kibanda kihame. Kwenye devi yako ngazi ya chuma inashukia wapi? Kama ni nyuma, katikati, watu watashuka juu ya jenereta. Na madirisha ya nyuma yatavuta moshi wake usiku. Kipeleke mwisho wa ua kwenye ukuta wa paseli, bomba la moshi lielekee mbali na jengo, na waya wa kuleta umeme ndani upite kwenye bomba juu, usilale chini wanapocheza watoto. Siku ya kununua roli za waya nipigie, tutakwenda dukani pamoja na kisu changu.