JOTO? MWEZI WA SABA? Yule wa upupu amenimaliza leo

MamaWaMishomoroni:
Sitaki salamu. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili wakuna. Nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa baiskeli na fyekeo nyuma, anayejiita fundi wa bustani. Upupu ulikuwa umepanda ua wangu wote, maganda yamekauka, ukiyatazama tu wawashwa. Nikamwambia kwa heshima, baba, ngoja nianue nguo kwanza. Niko ndani natafuta beseni nasikia fya! fya! fya! Saa sita mchana, kusi yataka kung'oa minazi, na kamba yangu iko kule upepo unakoelekea. Kanzu ya Ijumaa, leso, nepi za mtoto, shuka sita, zote zimeliwa na vinyoya vya maganda ya upupu. Mtoto alilia mpaka paka wa Kisauni nzima wakahamia Nyali. Mama mkwe, mtu mzima wa miaka sabini, namkuta ajikuna mgongo kwenye mnazi.

Natoka namuuliza umefanya nini, aniambia, "Mama, hilo ni joto tu, ogeni."

JOTO! Mwezi wa saba, hata feni tumezima! Na yeye mwenyewe kavaa jaketi, glavu, kilemba kazungusha uso mzima, yaonekana macho mawili tu. Kwa hiyo alijua! Mtu aliyejifunga kama maiti yuwaniambia mimi na leso moja ati ni joto! Kisha akatoa kiberiti achome rundo, nikamnyang'anya. Kisha akadai alfu moja na nauli. Nauli ya baiskeli!

Barobaro_Tudor:
Pole dada lakini nimecheka hapo kwa mnazi 😂 na wewe upupu uliulea mpaka ukakauka, ulikuwa waungoja nini, uchaguzi?

MamaWaMishomoroni:
Sikuulea, umetoka kwa jirani. Na hiyo si hoja. Ameniambia JOTO.

BabuWaLikoni:
Mwanangu, upupu haufyekwi ukiwa mkavu. Wakatwa ungali na yale maua ya zambarau, au maganda mabichi. Ukishachelewa, waupiga maji ya mpira mpaka ulowe chepechepe ndipo vinyoya visiruke, asubuhi upepo haujaamka, mikono mirefu, glavu, miwani. Wakata shina chini, watia guniani polepole, wauzika. Kuchoma hapana, ule moto wapeperusha vinyoya mpaka machoni na kifuani. Na mvua zikija ng'oa miche, mbegu ziko chini hapo. Sasa hivi msijisugue, bandikeni seloutepu kwenye ngozi muivute, vinyoya vitoke nayo, halafu maji mengi na sabuni. Nguo usizikung'ute, zilowesheni hapo hapo kwenye kamba.

MamaWaMishomoroni:
Shukran babu. Seloutepu imesaidia, mtoto amelala. Lakini yeye fundi hayo yote hayajui? Anajua! Kilemba kile ni cha nini? Joto?

Shangazi_Bamburi:
Huyo huyo! Kwangu alikata ua wa mnyaa bila kuniambia nitoe watoto, yale maziwa ya mti yakamruka kijana wangu jichoni, tumemwagia maji robo saa nzima hapo mferejini kisha mbio hospitali, siku mbili haoni vizuri. Unajua alisema nini? "Ni vumbi."

MamaWaMishomoroni:
VUMBI! Mmeona? Kwangu joto, kwake vumbi!

Barobaro_Tudor:
Upupu ni mdogo, nyinyi hamjachoma korosho na maganda yake. Ile mafuta ilinibabua vidole wiki mbili, nikashindwa hata kushika mahamri.

KijanaWaChangamwe:
Afadhali nyinyi mna ua. Mimi jirani yangu ana mbuzi wanne, wamekula mchicha, wamekula mpilipili, jana wamekula sare ya shule ya mtoto kwenye kamba.

Shangazi_Bamburi:
Mbuzi si wangekula huo upupu basi.

KijanaWaChangamwe:
Wao wachagua! Wataka sare tu. Nikimwambia mwenyewe asema ni mbuzi wa akika, niwe na subira. Huu mwaka wa tatu, akika gani hiyo?

Barobaro_Tudor:
Mtoto wa akika ashaanza madrasa 😂😂

BabuWaLikoni:
Mbuzi hao si ni wa kando ya reli, mmoja ana pembe iliyovunjika? Nawajua. Walimaliza mihogo ya shemeji yangu.

KijanaWaChangamwe:
NDIO HAO! Babu nipe namba ya shemeji, twende kwa chifu pamoja.